Chuoni kila mtu amechoka, sasa mgonjwa utamjuaje?

Chuoni ukisema umechoka hakuna anayeshtuka, utaambiwa karibu chamani. Ukisema mwili wote unauma utaambiwa ni hayo magodoro ya hosteli bana, ukisema hulali vizuri mtu atakuonyesha asaimenti yake ambayo nayo inatakiwa kesho, na ukisema siku hizi unasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kinachobaki kichwani hapo ndo watacheka kabisa, maana nani chuoni hajasoma ukurasa mmoja mara tatu. Yaani dalili kubwa zote za fibromialgia unaweza kuzitaja kantini, meza moja, na kila aliyekaa hapo akanyoosha mkono kwamba na yeye anazo.

Ndo maana swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu walioko vyuoni, tangu nianze kusema wazi kwamba mimi ninayo, linanipa tabu kulijibu. Wanauliza, dada, hivi hii kitu wanafunzi wanayo wangapi? Wengine wameshaona sehemu imeandikwa mmoja kati ya kumi, wengine mmoja kati ya hamsini, wanataka niwaambie ipi ni ya kweli. Na mimi nimesoma sana hii ishu, zaidi hata ya nilivyosoma masomo yangu mwenyewe, na jibu langu ni kwamba zote mbili zinaweza kutoka kwenye darasa lilelile siku ileile, inategemea umehesabu vipi. Naomba univumilie nikueleze maana hapa si mambo ya kitaalamu tu, hapa ndipo watu wanapopotezwa.

Ugonjwa wenyewe nitaupitia haraka. Ni maumivu ya mwili mzima yanayodumu kuanzia miezi 3 kwenda juu, yanakuja na uchovu usioondoka hata ukilala, usingizi unaoamka nao umechoka kuliko ulivyolala, na kichwa kuwa kama kina ukungu. Viungo havivimbi. Eksirei inatoka safi, damu inatoka safi, na wewe unakaa pale na majibu yako safi mwili unawaka moto. Shida iko kwenye namna mfumo wa neva unavyozipokea na kuzikuza taarifa za maumivu, ni kama redio ya jirani ambayo kitufe cha sauti kimekwama juu, wimbo ni uleule mnaousikia wote mtaani ila kwako unatikisa vioo. Na hii sio stori ya kufarijiana. Mwaka 2002 watafiti Marekani waliwaingiza watu kwenye mashine ya MRI huku wakiwabana ukucha wa kidole gumba, wakaona kwamba kubanwa kidogo tu kwa mgonjwa wa fibromialgia kunaamsha ubongoni sehemu zilezile ambazo kwa mtu mzima wa afya mpaka abanwe kwa nguvu zaidi. Halafu mwaka 2021 wenzao wa King's College London na washirika wao wakachukua kingamwili za wagonjwa wakazichoma kwa panya, na panya wakaanza kuhisi maumivu kwa vitu vidogo. Kwa hiyo anayekuambia unadeka, mwambie na panya nao wanadeka.

Sasa hesabu.

Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Wichita, jimbo la Kansas huko Marekani, wa daktari Frederick Wolfe na wenzake uliotoka 1995. Walipata asilimia 2 ya watu wazima, wanawake asilimia 3.4, wanaume 0.5. Na kitu ambacho watu hukiruka kwenye utafiti huo ni umri, kule namba zilikuwa zinapanda kadiri watu wanavyozeeka, kilele kikawa kwa wanawake wa miaka 60 hadi 79 ambako ilizidi kidogo asilimia 7. Sitisha hapo kidogo. Wabibi wa miaka 70 ni asilimia 7 na kitu. Kwa hiyo mtu akija na dodoso lake akakuambia kwamba watoto wa miaka 21 wa hosteli fulani ni asilimia 10, swali la kwanza sio "jamani vijana wetu wamekuwaje", swali la kwanza ni wamepimwaje.

Maana vipimo vimebadilika. Vigezo vya 1990 vya chama cha madaktari wa rumatolojia, yaani magonjwa ya viungo na misuli, cha Marekani vilihitaji daktari akushike kwa mikono yake, kulikuwa na sehemu 18 mwilini, anabonyeza kwa uzito wa kama kilo 4, ukiumia sehemu 11 au zaidi na una maumivu ya mwili mzima ya miezi 3 basi unayo. Mwaka 2010 wakaja na vigezo vipya visivyohitaji kubonyezwa, na 2011 vikarekebishwa ili mtu aweze kujijazia mwenyewe kwenye karatasi, ikawa rahisi sana kwa watafiti maana sasa huhitaji daktari wala chumba, unahitaji fomu na wifi. Na hapo ndo tafiti za wanafunzi zilipoanza kumwagika, kwa sababu mwanafunzi ndiye mtu rahisi kuliko wote kumpelekea linki kwenye grupu la WhatsApp la darasa.

Scotland walifanya jambo zuri sana, 2015, walichukua watu wa kaskazini mashariki mwa nchi yao na wakawapima kwa vigezo vya aina tatu. Vya 1990 vikatoa asilimia 1.7, vya 2010 vikatoa 1.2, na vile vya kujijazia vikatoa 5.4. Watu ni walewale wa eneo lilelile! Na kule Olmsted, jimbo la Minnesota, Marekani, iliko hospitali ya Mayo, ripoti ya 2013 ilionyesha kwamba ukitafuta kwenye mafaili ya hospitali unapata asilimia 1.1 waliowahi kuandikiwa ugonjwa huu, ukituma dodoso unapata 6.4. Sasa tofauti hii unaweza kuisoma kwa njia mbili na mimi naona zote mbili ni kweli kwa pamoja: kuna wagonjwa wengi wanaotembea bila kujulikana, na kuna watu wengi dodoso linawakamata wakati hawana ugonjwa. Tatizo ni kwamba karatasi haiwezi kukuambia yupi ni yupi.

Ngoja nikuonyeshe kwa mfano, na hapa usiruke maana ndo penyewe. Chukua mwanafunzi wa mfano tu, mwaka wa pili, wiki ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista. Analala saa tatu kwa siku, laptopu kaiweka juu ya ndoo, kainama hapo toka asubuhi. Mpe dodoso la 2011. Mwili umegawanywa sehemu 19, anatakiwa kutia tiki panapouma. Anatia shingo, mgongo wa juu, kiuno, bega la kulia, bega la kushoto, jumla 5. Halafu anaulizwa uchovu, anajipa 3 kati ya 3. Anaamka amechoka? 3. Kumbukumbu na umakini? 2. Kichwa kinauma? Ndiyo, 1. Jumla alama za dalili 9. Vigezo vinasema ukiwa na sehemu 7 au zaidi na alama za dalili 5 au zaidi unayo, au ukiwa na sehemu 3 hadi 6 na alama 9 au zaidi unayo. Basi huyu, kwa namba, anayo. Sherti la miezi 3 lipo pale kwenye fomu, ila niambie mwanafunzi gani anayejaza fomu saa saba usiku anakumbuka vizuri hali yake ilikuwaje miezi mitatu iliyopita, atatia tiki ndiyo aendelee na maisha.

Sasa mpe vigezo vya 2016. Hivi viliongeza kitu kimoja, kwamba maumivu lazima yawe kwenye kanda 4 kati ya 5 za mwili: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, na kanda ya kati ambayo ni uti wa mgongo. Rafiki yetu shingo na mgongo na kiuno vyote ni kanda ya kati, moja hiyo, bega la kulia ni ya pili, la kushoto ya tatu. Kanda 3. Amefeli. Kwa fomu ya 2011 alikuwa mgonjwa, kwa fomu ya 2016 ni mtu anayehitaji meza na usingizi.

Kwa hiyo ukikutana na asilimia yoyote ya wanafunzi, kabla hujaisambaza, angalia mambo mawili tu, walitumia vigezo vya mwaka gani na waliwauliza lini, mwanzo wa semista au karibu na mitihani. Usipoyaona hayo yameandikwa basi achana nayo.

Kuna habari moja ya zamani ambayo naipenda sana kwenye hii mada, na inawahusu wanafunzi wa chuo moja kwa moja. Miaka ya 1970 kule Toronto, Canada, daktari mmoja anaitwa Harvey Moldofsky alikuwa anachunguza usingizi wa watu wenye huu ugonjwa, ambao enzi hizo ulikuwa bado unaitwa fibrosaitisi. Akaona usingizi wao mzito unaingiliwa na mawimbi ya ubongo ya mtu aliye macho. Sasa akajiuliza, je nikimvurugia mtu mzima wa afya huo usingizi mzito itakuwaje? Akawachukua wanafunzi wachache wa chuo, wenye afya zao, na kila walipoanza kuzama kwenye ile hatua ya usingizi mzito wakawa wanashtuliwa kwa mlio, hawaamki kabisa ila hawazami. Usiku chache tu za hivyo wakaanza kuumwa misuli, kuchoka, kuwa wazito, ukiwabonyeza wanaumia. Walipoachwa walale, ikaisha. Ripoti ilitoka 1975.

Fikiria maana yake. Maana yake chuo chenyewe, na kelele za hosteli, na kukesha, na jenereta, na rumeti anayepiga simu saa nane usiku, kinaweza kukutengenezea picha inayofanana kabisa na fibromialgia kwa mtu ambaye hana. Mimi binafsi tofauti niliyoiona ni likizo. Hili halipo kwenye vigezo vyovyote, ni langu. Wenzangu wakienda nyumbani wakala wakalala wiki mbili tatu wanarudi wamenona wanang'aa, mimi nalala nyumbani kwa mama saa kumi kwa siku na naamka kama nimepigwa na vibaka. Siku ya kurudi chuo wenzangu wana stori, mimi nina mto wa shingo.

Mambo yangu yalianza mwaka wa pili, Dar. Chuo sikitaji na zahanati siitaji. Kwanza mabega, nikasema begi. Halafu mikono, halafu mapaja na nyayo, nikikanyaga sakafu asubuhi natembea kama bibi harusi anayesubiri kushikwa mkono. Nikaenda zahanati. Sasa ukiwa Afrika Mashariki na ukasema mwili wote unauma na umechoka, wote tunajua kinachofuata, malaria na taifodi na yutiai. Malaria hakuna. Taifodi "ipo". Nikapewa dozi. Nikarudi, taifodi bado "ipo". Dozi nyingine, safari hii sindano. Mimi nikawa mtu wa taifodi, mpaka rumeti wangu akawa hataki tutumie kikombe kimoja. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba kile kipimo cha Widal kinatafuta kingamwili, na kwenye nchi ambazo taifodi ipo, mtu aliyewahi kukutana na vijidudu huko nyuma, au hata vijidudu vya jamii nyingine, anaweza kusoma chanya akiwa haumwi taifodi hata kidogo. Ili uthibitishe taifodi unatakiwa kuotesha damu maabara. Nani anaoteshewa damu zahanati ya chuo? Nadhani, na hapa ni mawazo yangu, kwamba ukitaka kuwajua wenye fibromialgia vyuoni kwetu usianze na dodoso, anza na rejista ya zahanati, tafuta wale waliotibiwa taifodi kila semista na hawajawahi kupona.

Nyumbani nako kulikuwa na majibu yao. Mama alisikiliza kwenye simu akaniambia, "Mwanangu hilo ni chango, na umelilea mwenyewe kwa kulala na nywele mbichi." Shangazi akaleta dawa ya kuchemsha, chungu sijapata kuona. Mtu mmoja wa ukoo akapendekeza niombewe, kwamba kuna mtu hakufurahia mimi kwenda chuo. Sicheki, walikuwa wanahangaika na mimi kwa kile walichonacho, na ukweli ni kwamba kipindi hicho shangazi na dawa yake alikuwa ndiye mtu pekee aliyeniamini kwamba naumwa.

Aliyekuja kunitambua alikuwa daktari wa kawaida wa magonjwa ya ndani, hata sio bingwa wa rumatolojia maana hao kwetu wanahesabika. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka, alinishika viungo kimoja kimoja akitafuta uvimbe, akataka picha nzima ya damu, ESR yaani kipimo cha damu cha kutafuta uvimbe mwilini, tezi ya shingo yaani thairoidi, VVU, na akaangalia kama kuna dalili za baridi yabisi au lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Kila kitu kikarudi safi akaniambia jina. Mimi nilikasirika. Nilitaka ugonjwa wenye dawa.

Kitu kimoja alichosema nimekishika, kwamba fibromialgia haitoi kinga kwa magonjwa mengine, unaweza kuwa nayo na ukawa na lupasi humohumo, na vigezo vya 2016 vinasema hivyohivyo, kuwa na ugonjwa mwingine hakuifuti na yenyewe haifuti mwingine. Kwa hiyo ukianza kuvimba kiungo, kupungua uzito, homa za usiku, usiseme aa ni ileile yangu. Rudi hospitali.

Niongelee wanaume kidogo maana huwa wanasahaulika. Watu wanasema huu ni ugonjwa wa wanawake. Kule Scotland, kwa vigezo vya 1990 vya kubonyezwa, wanawake walikuwa karibu 14 kwa kila mwanaume mmoja. Kwa vigezo vya kujijazia wakawa wawili na kitu kwa mmoja. Yaani kipimo cha zamani kilikuwa kinawaacha wanaume nje, kwa sababu mwanaume kwa wastani ukimbonyeza hasemi "aah" haraka. Bado wanawake ni wengi zaidi, hilo linajirudia kila mahali, ila sio kwa ukubwa ule. Nina kaka mmoja tulikuwa naye darasani, siku nimepost kwamba nina fibromialgia alinifuata inboksi, hakuwa hata na salamu, akaandika tu "hiyo ndo inanimaliza mimi na naona aibu kwenda hospitali kusema naumwa mwili". Alikuwa anaishi kwa diklofenaki za dukani. Na hilo nalo nilisemee, diklofenaki na ndugu zake zinapunguza maumivu ya uvimbe, na fibromialgia haina uvimbe wa kupunguza, unachopata ni vidonda vya tumbo.

Halafu kuna wale wanaofika chuo tayari wanayo. Ugonjwa huu kwa watoto na vijana ulielezwa kitaalamu mwaka 1985, na watafiti wa Cincinnati, Marekani, waliowafuatilia vijana waliogunduliwa nao wakiwa wadogo walikuta wakishakuwa watu wazima karibu asilimia 80 bado wana dalili, na kama nusu wanatimiza vigezo kamili. Kwa hiyo yule binti ambaye sekondari alikuwa haendi paredi, kila siku yuko sikibei, matroni anamwita mvivu, huyo hajaanza kuumwa chuo. Inatembea kwenye familia pia, ndugu wa damu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi ya watu wengine. Mimi nikimwangalia mama na "baridi" yake ya miaka yote nakuwa na maswali yangu, ila yeye hataki kusikia.

Kwetu huku utafiti upo mdogo ila upo. Kenya, madaktari walishaitafuta kwa wagonjwa wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wenye uchovu sugu na pia wanaoishi na VVU, na waliipata. Kwa hiyo ile hoja kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu, wa kina Lady Gaga ambaye 2017 aliahirisha ziara yake ya Ulaya kwa sababu yake, haina miguu.

Matibabu sasa, maana najua wengine mmeshuka moja kwa moja mpaka hapa. Mwongozo wa Ulaya uliotoka 2017, baada ya kupitia dawa na mbinu zote, kitu kimoja tu walikipa mkono kwa nguvu zote, mazoezi. Nilivyoambiwa hivyo mara ya kwanza nilitaka kumrushia mtu kiatu. Mwili hauwezi kubeba ndoo halafu unaniambia nikimbie? Ila hawasemi ukimbie, wanasema anza chini kuliko unavyodhani na panda taratibu. Mimi nilianza kwa kutembea toka hosteli mpaka geti na kurudi, jioni jua likishapoa, na wiki za kwanza maumivu yaliongezeka kweli, sitakudanganya, halafu yakatulia, sasa hivi natembea mbali na usingizi umekuwa wa maana kidogo. Dawa zipo. Marekani waliidhinisha pregabalini 2007, duloksetini 2008, na minasiprani 2009, Ulaya mamlaka yao ya dawa ilikataa kuziidhinisha kwa ugonjwa huu kwa kuona faida yake ni ndogo, ambayo inakuonyesha hakuna ya miujiza hapo. Huku kwetu ya bei nafuu ni amitriptilini, dozi ndogo usiku, na kwa dozi hiyo haijalishi kama una sonona au huna, inasaidia usingizi na maumivu kwa baadhi ya watu. Ukikuta kaka wa famasi anakuuliza kwa sauti mbele ya watu "hii si dawa ya wagonjwa wa akili", mwambie ndiyo na ya kwangu pia nipe. Ila kwa cheti cha daktari tafadhali, inaingiliana na dawa nyingine na inaweza kusumbua moyo.

Kilichonishinda kabisa chuoni haikuwa maumivu, ilikuwa karatasi. Ukiwa na malaria unapewa ED, yaani ruhusa ya ugonjwa, ya siku tatu, kila mtu anaelewa. Ukiwa na ugonjwa ambao wiki hii uko fresh unacheka kantini na wiki ijayo huwezi kushika kalamu, hakuna fomu yake. Mhadhiri anakuona Jumatatu umependeza, Alhamisi unaomba special exam. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi wakaniambia niahirishe mwaka, kama vile baada ya mwaka itakuwa imeisha, na ukiahirisha boom, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, nalo linasimama, sasa hapo unatibiwa kwa hela gani? Nilichohitaji kilikuwa kidogo mno, dakika za ziada kwenye mtihani wa kuandika saa tatu mfululizo na ruhusa ya kusimama ninyooshe mgongo bila msimamizi kunifuata nyuma kama nina desa la kuibia mtihani. Ombi hilo hujibiwa kwa swali "ni wangapi wenye shida kama yako?" Ndo tumerudi palepale. Ukisema wawili kwa mia wanasema wachache, ukisema kumi kwa mia wanasema basi kila mtu atataka.

Kwa chuo chenye wanafunzi elfu kumi, hata ukichukua ile ya chini ya Olmsted, asilimia 1.1, ni watu mia na kumi. Punguza kwa sababu ni vijana, sema nusu yake, bado ni watu hamsini na kitu, na wanafunzi wangapi wanajua hata mmoja? Kwenye chuo chetu nilikuwa naamini niko peke yangu mpaka nilipomaliza.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa mwaka wa mwisho, uuguzi, udaktari, fiziotherapia, hata sosholojia, anahangaika kutafuta mada ya utafiti, hii hapa chukua bure. Tumia vigezo vya 2016, sio 2011. Uliza darasa lilelile mara mbili, wiki ya pili ya semista na wiki moja kabla ya UE, halafu wale watakaoonekana wanayo mara zote mbili tafuta daktari awaangalie ana kwa ana, na wale walioonekana mara moja tu wahesabu peke yao, usiwachanganye. Waulize pia wametibiwa taifodi mara ngapi tangu waingie chuo. Dodoso liwe fupi, na usilitume saa saba usiku.